Mume Wangu Anataka Kuua Rifandi Yetu

Shangazi, shikamoo.

Siku zote nasoma majibu unayowapa wenzangu nikicheka peke yangu. Leo zamu yangu imefika na sicheki.

Tunaishi Houston, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wote wamezaliwa hapahapa. Mume wangu anabeba boksi kwenye ghala moja kubwa, kwa mwaka anaingiza kama dola 46,000. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, napata kama 38,000. Wote tunalipwa kila baada ya wiki mbili. Matajiri si sisi, ila hatulali njaa.

Mambo ya kodi tangu mwanzo nayashika mimi. Nilipoanza kazi kulikuwa na mama mmoja tuliyekuwa naye zamu ya usiku, akaniambia, "Mdogo wangu, kwenye W-4 weka alama ya single, watoto usiwaandike, halafu pale chini waambie wakukate hamsini zaidi kila mshahara. Februari utanishukuru." Nikafanya hivyo kwenye W-4 yangu, ile fomu inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani. Fomu ya mume wangu nikamjazia vilevile, ila ile hamsini nikajiwekea mimi tu. Na kweli nilimshukuru. Kiwanja cha Kigamboni kimetoka kwenye rifandi, ile kodi iliyokatwa kupita kiasi inayorudishwa Februari. Msingi, rifandi. Tiketi za kwenda Moshi watoto wakamwone bibi yao, rifandi. Februari mwaka huu ziliingia dola 6,380, fundi akapandisha ukuta mpaka lenta.

Sasa mume wangu kageuka mwalimu wa uchumi. Kaangalia video sijui za nani, kila jioni somo ni lilelile: kwamba tunaikopesha serikali ya Marekani bila riba halafu tunashangilia ikiturudishia chetu. Mimi nilikuwa namwacha aongee. Lakini majuzi tukiwa mezani, mdogo wake yupo, akasema, "Huyu shemeji yako ni mjinga, anamfuga Mmarekani." Mdogo wake akacheka. Nikanyanyuka nikaenda kuosha vyombo.

Anachotaka ni tujaze fomu upya. Wote wawili tuandike tumeoana, watoto tuwaweke kwenye fomu yake na kwenye fomu yangu, hamsini yangu ifutwe. Kapiga hesabu kwamba kila mwezi zitabaki mfukoni zaidi ya dola 600.

Shangazi, hesabu naielewa, shule nimekwenda. Ila namjua mume wangu. Ni mtu mwema, tena sana, na wema wake ndio ugonjwa wetu. Mshahara unaingia Ijumaa, Jumamosi simu inaita. Mara bati la babu limeezuliwa na upepo, mara mtoto wa binamu karudishwa ada, mara msiba wa mtu ambaye hata sura hamkumbuki lakini "mchango wako wa Marekani unasubiriwa". Hawezi kusema hapana. Hizo mia sita nitaziona kwenye risiti za kutuma pesa basi. Na mimi sijitoi, hela nikiiona kwenye akaunti mkono unawasha. Ikiwa IRS, kwa mtoza kodi wa Marekani, hakuna wa kuipigia simu. IRS haina shemeji, haina mjomba, haina kikundi cha ukoo WhatsApp.

Madeni hatuna ya kutisha. Kuna kadi ya mkopo ina kama dola 4,100, riba asilimia 24, tunalipa kile kiwango cha chini kila mwezi, hiyo inakwenda. Yule kaka anayetuandalia kodi, Mtanzania mwenzetu, yuko upande wangu, anasema rifandi kama yetu watu wanaililia. Yeye huchukua asilimia 10 yake. Ni mjanja, kwa mfano bado anamwandika mama yangu kama tegemezi, inaongeza 500. Mama aliishi nasi kwa green card, lakini 2023 alichoka akarudi Moshi moja kwa moja, kadi akairudisha rasmi. Namba yake ya Social Security ipo, ndiyo anayoitumia.

Niambie basi. Nimwachie abadilishe, au nishike msimamo? Na lile neno nilimeze?

Mama Wawili, Houston

* * *

Marahaba, mwanangu.

Lile neno usilimeze. Mwanamume anayemwita mkewe mjinga mbele ya mdogo wake amekosa hata kama hesabu yake ingekuwa sahihi, na hesabu yake si sahihi, nitafika hapo. Mwambie mkiwa wawili, siku ambayo hamkugombana, kwamba kama anataka kuongea fedha na wewe, aongee na wewe, mdogo wake abaki kwenye ugali. Ukikaa kimya, kila mtakapogusa fomu hiyo utakuwa unabishana na kile kicheko badala ya kubishana na namba.

Haya, namba zenyewe. Nimezichukua zako nikakaa nazo, maana naona nyumba nzima mnagombania rifandi na hakuna aliyewahi kuifungua ndani aone imeundwa na nini.

Mwaka 2025 mmeingiza kama 84,000 nyote wawili. Wanandoa wanaojaza pamoja, 31,500 za kwanza haziguswi. Zinabaki 52,500, na kodi yake ya shirikisho inafika kama 5,820. Kila mtoto anawapunguzia 2,200, kwa wawili ni 4,400. Kwa hiyo kodi mliyopaswa kulipa mwaka mzima ni kama 1,420. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, hapo mmepona. Ile ya Social Security na Medicare, mafao na matibabu ya uzeeni, asilimia 7.65, hairudi, msiihesabu kabisa. Sasa tazama W-2 zenu, zile karatasi za mwajiri za mshahara na makato ya mwaka, kisanduku namba 2, jumlisha. Kwa fomu mlivyozijaza, nakadiria mmekatwa kama 7,300.

Toa 1,420 kwenye 7,300, unapata 5,880. Hizo ndizo zenu. Zile 500 zilizobaki kufikia 6,380 ni za mama yako, na nitazirudia.

Hizo 5,880 nazo ni hivi: 4,400 ni punguzo la watoto, ambalo mngeweza kulipata kidogokidogo kila mshahara lakini mliamua lisubiri Februari. Dola 1,300 ni hamsini yako mara mishahara 26. Kinachobaki ni kama 180. Maana yake ile single aliyokusifia mama wa zamu ya usiku, ambayo najua wabeba boksi wengi wanaiamini kama dawa, kwenu haijafanya kazi ya zaidi ya dola 180. Mke na mume wanaofanya kazi wote, mishahara ikikaribiana, wakiweka single au wakiweka married na kujaza sawasawa, makato yanatoka karibu yaleyale. Siri ya rifandi yenu ni watoto ambao hamkuwaandika. Ingekuwa vizuri mume wako ajue hili kabla hajatoa somo lingine.

Mtu aliyekulia kwetu rifandi humshangaza, na ana haki ya kushangaa. Tanzania PAYE ikishakatwa imekatwa. Mfanyakazi mwenye ajira moja hajazi chochote mwisho wa mwaka, hasubiri chochote, anatazama ile namba ya chini kwenye slipu ya mshahara na maisha yanaendelea. Jirani zetu Wakenya angalau wana iTax, mtandao wao wa kujazia kodi, na tarehe ya mwisho 30 Juni. Ukitoka kwenye hali hiyo, halafu Februari moja benki inakuletea dola elfu sita kutoka kwa mtoza kodi, utaiitaje kama si neema? Wamarekani wenyewe wanaishangilia. Kwa wastani rifandi zao zinazidi dola 3,000, na maduka ya magari na makochi yanaijua Februari kuliko yanavyoijua Krismasi.

Tena haikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya 1943 Mmarekani aliyedaiwa kodi ya mapato aliilipa mwaka unaofuata, kwa mafungu manne, kwa mkono wake mwenyewe. Vita ilipowalazimisha kuwatoza watu wengi ambao hawakuwahi kulipa, akatokea Beardsley Ruml, mweka hazina wa duka la Macy's, akapigia debe wazo la kukata kwenye mshahara hapohapo. Milton Friedman, ambaye baadaye alisifika kwa kuipinga serikali kubwa, alikuwa kijana pale Wizara ya Fedha akisaidia kuutengeneza mpango huo. Walijua wanachofanya. Hela ambayo mtu hajaishika haimuumi ikiondoka. Wewe na serikali mmekutana kwenye jambo moja: wote mnajua hivyo.

Ndiyo maana simkubalii mume wako anaposema unachofanya ni ujinga. Mwulize kuhusu upatu. Mama zetu wamecheza mchezo miaka yote, kila wiki unampelekea kijumbe, zamu yako ikifika unabeba chungu kizima, riba hakuna hata senti. Kuna mtu aliwahi kumwambia mama yake kwamba anawakopesha wenzake bure? Alichonunua mama kwenye mchezo ni ulinzi. Hela imetoka mkononi, haiombeki, na inarudi ikiwa kubwa kiasi cha kununua kitu kinachoonekana. Wewe umemfanya IRS kijumbe wako. Ni kijumbe asiyekimbia na hela, na akichelewa sana kuwalipa analazimika kuongeza riba. Wasomi nao wamekiri kwamba binadamu anaitunza hela kulingana na mfuko aliouweka. Richard Thaler wa Chicago alipewa Nobel ya uchumi 2017, na sehemu kubwa ya kazi yake ni mambo ya namna hiyo.

Bei ya ulinzi huo ni ipi? Tuseme mngeziweka hizo 5,880 kidogokidogo kwenye akaunti ya akiba inayotoa asilimia 4. Kwa wastani kila dola inakaa kwao miezi kama minane kabla haijarudi. Mngepata kama dola 160. Hizo ndizo anazozipigia kelele kila jioni. Mimi ningekuwa na mume asiyejua kusema hapana, dola 160 kwa mwaka ningelipa na asante nikasema.

Lakini mwanangu, kuna sentensi umeipitisha mbio. "Hiyo inakwenda." Haiendi. Dola 4,100 kwa asilimia 24 ni kama dola 82 za riba kila mwezi, karibu 1,000 kwa mwaka. Serikali imekalia 5,880 zenu bure, na wakati huohuo benki inawatoza 24 kwa 4,100. Hapo mume wako ana haki kuliko hata anavyojua yeye, na ameshindwa kuiona kwa sababu video zile zinaongea riba ambayo ungepata, haziongei riba unayolipa. Februari ile ile mliyopandisha ukuta mpaka lenta, kadi ilikuwepo. Ukuta ungesubiri.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mbadilishe, ila si kwa namna yake.

Namna yake itawaumiza. Hatua ya pili ya W-4 inauliza kama mna kazi zaidi ya moja au kama mwenzi wako anafanya kazi. Mkiandika wote married na kuiruka hatua hiyo, kila mwajiri atakata kana kwamba mshahara anaoulipa yeye ndio pekee nyumbani. Halafu watoto walewale wawili mkiwaandika kwenye fomu zote mbili, mmelidai punguzo lao mara mbili. Makato yenu yanafika sifuri. Zile mia sita zake kwa mwezi zinapatikana, ni kweli, lakini ndani yake mna ile 1,420 ambayo ni kodi halali. Mkifanya hivyo mwaka mzima, tarehe 15 Aprili inawakuta mnadaiwa, na hela ilishaezeka bati la babu. Juu yake kuna faini. IRS husamehe ukidaiwa chini ya dola 1,000, au ukiwa umeshalipa asilimia 90 ya kodi ya mwaka huo au yote ya mwaka uliotangulia. Mtu aliyekatwa sifuri hana hata kimoja cha kujitetea.

Mfanye hivi. Fomu zote mbili wekeni married, na kwenye hatua ya pili tieni alama kwenye kile kisanduku cha kazi mbili, wote wawili. Hatua ya tatu, ya watoto, iandikwe kwenye fomu ya mume wako peke yake kwa kuwa mshahara wake ndio mkubwa: 2,200 mara mbili. Kwako wewe iache wazi. Hamsini yako ibaki.

Kwake yeye makato ya shirikisho yatashuka mpaka sifuri, chini ya hapo hayaendi, na mshahara wake utaongezeka kama dola 130 kila wiki mbili. Wewe hutaona tofauti yoyote. Na rifandi yako, usitetemeke, haifi. Kwa mwaka mzima wa mpango huu Februari itawaletea kama dola 2,400, kwa sababu hamsini yako ipo, na punguzo la watoto ni kubwa kuliko anavyokatwa mume wako, kwa hiyo linabaki kidogo. Ile ya Februari ijayo itakuwa kubwa kuliko hapo, maana mwaka umeshakula miezi. Kabla ya kupeleka fomu kazini, ingieni kwenye tovuti ya IRS, wana kikokotoo cha bure cha makato. Wekeni slipu zenu za mwisho pembeni mjaze namba halisi, zangu ni za kukadiria kutokana na barua.

Hizo 130 zisipite kwenye akaunti yenu ya kila siku. Waajiri wengi wanakubali mshahara ugawanywe kwenye akaunti mbili. Mume wako aombe 130 ziende akaunti ya pembeni isiyo na kadi wala programu kwenye simu yake, na kutoka huko zilipe kadi ya mkopo zenyewe, tarehe maalumu, pamoja na kile kiwango cha chini mnachokilipa sasa. Kama hamuichezei kadi hiyo tena, ndani ya mwaka hivi deni limeisha. Likiisha, 130 zianze kujaa kwenye akaunti hiyohiyo kwa ajili ya nyumba. Fundi wa Kigamboni hatalazimika kusubiri Februari, ambayo nayo si ya kuaminika hivyo. Wengi hupata ndani ya siku 21 wakijaza kwa mtandao, lakini IRS ikitaka kuhakikisha wewe ni wewe, barua inakuja na hela inakaa. Na mwenye deni la matunzo ya mtoto aliyoyakwepa anaweza kukuta rifandi imeshakatwa juu kwa juu.

Sasa lile la simu za Jumamosi. Nikuulize jambo kama mama yako angekuuliza: umewahi kumwambia mume wako uliyoniambia mimi? Kwamba hela unaificha Washington ili yeye asiigawe? Nahisi hapana. Umemwambia "rifandi inatusaidia", yeye akasikia mtu asiyejua hesabu, akakuletea hesabu. Mnabishana riba wakati ugomvi wenyewe ni kwamba wewe humwamini na simu yake. Mwambie. Ataumia kidogo. Lakini angalau mtakuwa mnaongea kitu kimoja.

Na usimdharau kwa kutuma. Yeye ndiye aliyepanda ndege, nyumbani kuna watu walichanga tiketi ile, na babu aliyeezuliwa bati ni babu kweli. Pangeni kiasi cha kutuma kila mwezi, kiwe kinajulikana, atume siku moja, na yeye ndiye aamue kiende kwa nani bila kukuomba ruhusa. Kikiisha kimeisha mpaka mwezi ujao. Ugonjwa na msiba wa damu mnakaa mnaongea. Mengine yote, kama hapana inamshinda, mfundishe kusema "ngoja niongee na mama watoto". Utaonekana mkali. Kubali tu, mwanangu, wifi mkali ni cheo, na kila ukoo unaye mmoja.

Nimebakiza yule kaka mjanja, na huyu ndiye aliyenikosesha raha kwenye barua yako.

Asilimia 10 ya 6,380 ni dola 638. Mumeo anapigana na 160 zinazopotea kwa serikali, wewe unampinga, na 638 zinatoka mlangoni mnamwambia ahsante. Anayelipwa kwa asilimia ya rifandi ana sababu ya kuikuza, na IRS yenyewe inaonya watu wamkwepe mtu wa namna hiyo. Tazama kopi ya mlichopeleka. Sehemu ya mwandaaji, ameweka sahihi na PTIN yake, ile namba ambayo IRS humpa mwandaaji kodi anayelipwa? Kama pako wazi, kwenye karatasi yeye hayupo. Mmejaza wenyewe, na majibu mtayatoa wenyewe. W-2 mbili na watoto wawili ni kazi nyepesi. Kuna VITA, mpango wa watu waliofunzwa wanaoandalia kodi bure kwa wenye kipato kidogo, ila 84,000 zenu kwa kawaida zinazidi kikomo chao, kwa hiyo ulizeni kwanza kama watawapokea. Vituo huwekwa kwenye maktaba na kwenye majengo ya jamii, na Houston navyo vipo.

Mama yako, sasa. Mzazi anaweza kuwa tegemezi wako hata kama hamlali nyumba moja, hapo wengi hawajui na hukosa haki yao. Lakini lazima awe raia au mkazi wa Marekani kwa sheria ya kodi, au awe anaishi Canada au Mexico. Moshi haimo. Alipokuwa na green card aliingia, alipoirudisha alitoka, hata umtumie hela ya matumizi kila wiki. Hela za kumtunza mzazi nyumbani Marekani haizitambui kwenye kodi, inauma lakini ndivyo ilivyo. Kuwa na namba ya Social Security hakubadilishi kitu. Kwa hiyo 500 ya 2025 si yenu, na kama alimwandika na 2024, hiyo pia si yenu, na sahihi zilizo chini ni yako na ya mume wako.

Rekebisheni wenyewe kabla IRS haijawaandikia. Fomu inaitwa 1040-X, moja kwa kila mwaka. Mnamtoa mama, mnarudisha 500 pamoja na riba yake, ambayo kwa muda huu bado ni ndogo. Usimpelekee yule kaka kazi hii hata akikuahidi kuifanya bure. Mama yako hana kosa lolote, na hakuna haja ya kumpigia simu kumweleza, atafikiri mnafungwa.

Shangazi